Mwongozo wa Kuvua Kivu kwa Mgeni Asiyeambiwa

Kwanza pokea pole ya safari. Umetoka Kigali kwa basi, saa tatu na ushee za kona, huku umekumbatia ule mfuko mrefu mwembamba ambao abiria wa pembeni ameuliza mara mbili kama ni bunduki. Ndani yake mna fimbo ya kuvulia ya kisasa, yenye gurudumu la uzi linalolia kama nyenje. Binamu yako alikwambia kwamba Rwanda ni nchi ya milima elfu, kwamba kati ya milima kuna maziwa, na kwamba ndani ya maziwa kuna samaki. Yote matatu ni kweli. Kosa lako lilikuwa kuyajumlisha.

Tiketi yako imeandikwa Rubavu, abiria wenzako wanasema Gisenyi. Usishtuke, wala usishuke mara mbili. Rubavu ni wilaya, Gisenyi ni mji, na tangu mageuzi ya utawala ya 2006 majina hayo yanaishi kama wake wenza: mmoja ana cheti, mwingine ana mapenzi ya watu. Mbele yako ni Ziwa Kivu. Nyuma yako ni mlima. Kushoto ni mlima. Kulia ni Goma, na juu ya Goma mlima unaotoa moshi. Mwongozo huu umeandikwa na mtu aliyekosea karibu kila kitu kilichomo humu, ili wewe upate nafasi ya kukosea mambo mapya.

Kuhusu jina la samaki

Samaki uliyemfuata anaitwa sambaza. Mtu wa pwani akisikia hivyo huuliza, "Nisambaze nini?" Mkenya huingiza mkono mfukoni kutoa simu, akidhani ameombwa salio. Tulieni wote. Kwa Kinyarwanda ni isambaza, kwa watu wa Goma ni sambaza, mtu wa Kigoma angemtia kwenye ukoo wa dagaa bila kusita, na kule Kariba, baina ya Zambia na Zimbabwe, anaitwa kapenta. Wataalamu humwita Limnothrissa miodon, jina ambalo halijawahi kumpunguzia mtu bei sokoni.

Ajabu ni kwamba huyu samaki anayeuzwa kama fahari ya Gisenyi hakuzaliwa hapa. Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Zamani za kale volkano za Virunga ziliziba njia yake ya kaskazini, maji yakageuka kusini, na hadi leo yanatokea kwa Mto Ruzizi kuelekea Tanganyika. Ziwa lililofungiwa hivyo likabaki fukara wa samaki: aina zake zinahesabiwa kwa makumi machache, ilhali Tanganyika ina zaidi ya 250. Sangara usimuulizie, ukimkuta sahanini Gisenyi ujue naye amepanda gari kama wewe. Pembezoni walikuwepo samaki, lakini katikati ya ziwa, kwenye maji mapana, vijidudu vilielea kwa wingi bila mlaji wa maana. Ilikuwa kama arusi iliyopikiwa pilau sufuria saba, na wageni wakapotea njia.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji, waliokuwa wakitawala pande zote mbili za ziwa, walichukua vifaranga vya dagaa wa aina mbili kutoka Tanganyika wakavimimina Kivu. Aina moja ilitoweka bila kuaga. Ya pili ikakuta sufuria saba za pilau. Miaka ya 1960 samaki huyohuyo alipelekwa Kariba, bwawa lililoundwa na binadamu, nako akatanuka. Kwa hiyo yule mtu wa pwani hakuwa mjinga sana: huyu kweli ni samaki aliyesambazwa. Lishike hilo. Tutalihitaji tukifika mwisho.

Kuhusu vifaa

Fimbo yako iache hotelini. Inafaa sana kuanikia taulo.

Najua hutanisikia, kwa sababu nami sikusikia. Utasoma mahali kwamba Kivu lina kina cha mita 485 hivi, na akili itakunong'oneza kwamba kina kirefu kina samaki wakubwa. Utafunga chubwi nzito, utaachia mshipi mpaka gurudumu limalize wimbo wake, kisha utakaa na uso wa mtu anayengoja habari njema. Sikiliza. Chini ya mita 60 hivi Kivu halina oksijeni. Samaki wote, wakubwa kwa wadogo, wamejibana tabaka la juu kama wapangaji wa ghorofa ambayo vyumba vyake vya chini vimejaa moshi. Kutoka mita 200 utavua uchovu wa bega.

Ukipandisha ndoana juu zaidi, shida inabadilika sura tu. Sambaza ana urefu wa kidole na riziki yake ni vijidudu vya majini. Kumtegea kwa ndoana ya kambare ni sawa na kumwekea sisimizi mtego wa panya. Unaweza kusimama ufukweni ukajaribu bahati yako na perege, na huenda ukampata. Lakini chagua mahali pasipo na watoto. Mtoto wa Gisenyi mwenye kijiti, uzi na ndoana kuukuu atakuvulia samaki watatu mbele ya macho yako, kisha atakuuliza kwa heshima kama ile mashine yako imeharibika.

Kuhusu lugha

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Gisenyi haikungoja Bunge. Hapa watu wanavuka kwenda Goma asubuhi na kurudi jioni kwa miguu, na Kiswahili huvuka nao bila pasi. Tatizo ni kwamba Kiswahili hicho si kile ulichofaulia mtihani.

Wewe utafika mwaloni na kuanza, "Shikamoo mama, habari za asubuhi, samahani kwa usumbufu, naomba kuuliza kama hawa samaki wanauzwa." Mama aliyeketi na beseni atakutazama kwa huruma. "Jambo papa. Sambaza iko hapa. Unataka ya ngapi?" Katika muda uliotumia kuomba radhi, wateja wawili wameshapimiwa. Usimsahihishe "iko" yake. Hiyo "iko" imevuka mpaka mara nyingi kuliko wewe, na ndiyo inayouza samaki. Bei ikitajwa kwa Kifaransa usikunje uso. Hesabu hapa hupenda kubadili lugha ghafla, hasa zikiwa kubwa. Na ukiitwa "papa", usipapase mapezi. Umeheshimiwa.

Kuhusu kuchagua usiku

Sambaza huvuliwa usiku kwa taa. Vijidudu hupanda juu giza likiingia, sambaza huvifuata, na taa huwakusanya wote mahali pamoja. Kwa sababu hiyo mwezi mpevu, ambao wewe umeuchagua kwa ajili ya picha, ni adui wa mvuvi. Ziwa zima likiwa na mwanga, taa yako ina kipi cha kumwambia samaki? Siku hizo wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu, na mgeni hubaki ufukweni akiuliza kwa nini watu wa hapa hawapendi kazi.

Jambo la pili ni kalenda. Kila mwaka uvuvi wa Kivu hufungwa kwa takriban miezi miwili, kwa kawaida kuanzia Agosti, ili samaki wapate kuzaana na kukua. Likizo yako iliyopangwa Septemba haimo katika mashauri hayo. Katika majira hayo anaweza kutokea mtu mchangamfu akakunong'onezea kwamba yeye ana njia yake, ana mtumbwi wake, na ana wavu unaoitwa kaningini. Wavu huo una matundu madogo hata hauchagui baba na mtoto, nao umepigwa marufuku. Askari wa majini wanaolinda ziwa hawachagui mvuvi na mtalii vilevile. Mwambie tumbo linakuuma, kisha nenda likakuume mbali.

Kuhusu kupanda

Jioni ya giza, wakati uvuvi umefunguliwa, shuka pwani ya Nyamyumba, upande wa Rubona, kule kiwanda cha bia cha Bralirwa kilikoanzia mwaka 1957. Usikimbilie kiwanda. Utaona mitumbwi ikitoka mitatu mitatu, imefungwa sambamba kwa magogo, na mbele na nyuma zimechomoza fito ndefu za mikaratusi, kama ndevu za kambakochi. Wavu huning'inizwa kwenye fito hizo, chini ya maji. Taa zamani zilikuwa karabai za mafuta; siku hizi nyingi ni za betri na za sola, lakini kazi ni ileile: kumdanganya samaki kwamba mwezi umeshuka kumtembelea.

Ukiruhusiwa kupanda, na huruhusiwi bila kuuliza ushirika wa wavuvi na kuvaa jaketi la kuokolea maisha, keti unapoonyeshwa. Usichague mahali pazuri pa kupigia picha. Mahali pazuri pa kupigia picha ndipo kamba zinapopita.

Kisha wataanza kuimba. Hapo ndipo wageni wengi huanguka. Mmoja huanzisha, wenzake wa mitumbwi yote mitatu hujibu, na makasia huingia majini pamoja na jibu. Wimbo huo ndio injini. Mimi, kwa furaha yangu, niliuchangamkia nikapiga makofi nje ya mapigo. Makasia ya mtumbwi wa kulia yakanifuata mimi, ya kushoto yakamfuata mwimbishaji, na kwa kitambo kifupi chombo kizima kikaelekeza ndevu zake Kongo. Hakuna aliyenikemea. Mzee aliyeshika mbele aligeuka tu, akasema, "Papa, wewe pumzika." Ni adhabu laini kuliko zote nilizowahi kupewa, na bado inauma.

Mkifika, taa huwashwa na wimbo huzimwa. Zima na simu yako. Sasa mnangoja, na kungoja huko ndiko kuvua kwenyewe. Baridi ya milima itashuka, nawe utagundua kwamba koti uliliacha hotelini pamoja na fimbo. Baada ya muda mrefu amri hutoka, kamba huvutwa kwa pamoja, na wavu hupanda ukiwa na kitu kinachometameta kama sarafu zilizomwagwa. Wavu hushushwa tena. Usiku mmoja huwa na mivuto kadhaa, na mivuto mingine huleta maji matupu. Hapo usiseme, "Hata mimi kwa ndoana ningepata hivyo." Niamini.

Neno la tahadhari kuhusu taa. Ukiona mwanga umesimama majini, hauimbi, wala haurudi asubuhi, usiupungie mkono. Huo ni mtambo wa gesi ya ziwani; tutaufikia.

Kuhusu mpaka

Katikati ya Kivu unapita mpaka wa Rwanda na Kongo. Ardhini una kizuizi, afisa, mhuri na foleni. Majini hauna hata kamba. Maji hayakuchorwa mstari, upepo haukusoma ramani, na sambaza hubadili uraia mara kadhaa kabla ya alfajiri bila kuulizwa kitambulisho. Mvuvi hana uhuru huo. Wavuvi wa pande zote mbili wamekamatwa mara nyingi kwa kujikuta, au kudhaniwa, wako ng'ambo. Kwa hiyo nahodha akisema mnarudi, msirudi kwa mjadala. Yeye anasoma taa za Gisenyi na taa za Goma kama wewe unavyosoma tiketi. Na wewe, kama tulivyoona, hata tiketi ilikuchanganya.

Kuhusu mambo yanayoua

Hapa naomba upunguze kucheka kidogo.

Viboko na mamba, ambao wageni huwauliza kwanza, Kivu halisifiki kwao. Hatari yake haina meno. Katika vilindi vile visivyo na oksijeni imehifadhiwa gesi iliyoyeyuka, kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, ikizuiliwa na uzito wa maji ya juu. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Cameroon, ambalo ukilipima kwa eneo Kivu hulizidi zaidi ya mara elfu, lilitapika kaboni dioksidi yake usiku mmoja, na watu wapatao 1,700 wakafa vijijini. Ndiyo maana wataalamu wanalipima Kivu bila kuchoka. Chubwi yako haitalitoboa, ondoa hofu. Na watu wa Gisenyi hawakuikalia hiyo methani tu: tangu miaka ya 1960 kiwanda cha bia kilikuwa kikiichoma kuendesha kazi zake, na leo iko mitambo inayoivuta kuzalisha umeme, mmoja Karongi na mwingine hapahapa Rubavu. Ukinywa kitu baridi hotelini chini ya taa inayowaka, huenda ziwa limekuhudumia mara mbili kabla hujalipa.

Kilicho karibu na miguu yako zaidi ni mazuku. Ni neno la Kiswahili cha huku, na wataalamu wa volkano duniani kote wamelichukua jinsi lilivyo, kwa kuwa hawakupata bora. Kaboni dioksidi hupenya kutoka ardhini, na kwa vile ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo. Haionekani. Kwenye pwani ya kaskazini, zaidi upande wa Goma na Sake, gesi hiyo imeua watu na mifugo. Mgeni anayetafuta kibonde kizuri cha kutandika mkeka akingoja mitumbwi irudi, na aulize wenyeji kwanza. Ukikuta mbuzi amelala bondeni bila jeraha, usiende kumwamsha.

Na ule wekundu angani upande wa kaskazini, saa nne za usiku, si machweo yaliyochelewa. Ni Nyiragongo, aliyetoka nje Januari 2002 na tena Mei 2021. Mara hiyo ya pili matetemeko yalipasua nyumba hata Gisenyi. Akianza kukohoa, utaratibu wa mwongozo huu unasitishwa na utaratibu wa miguu unaanza.

Kuhusu kula

Alfajiri mitumbwi hurudi, na akina mama wameshapanga mabeseni. Sambaza huharibika haraka, kwa hiyo biashara haina maringo: mwingine ananunua wa kuanika, mwingine wa kuvusha Goma, na mwingine ana mafuta yamekwisha chemka. Kula wa kukaanga, wazima, kichwa na mkia, kwa limau. Mgeni anayemchambua sambaza mifupa kwa uma atachelewa basi la jioni. Pembeni kutakuwa na kichupa kidogo cha akabanga chenye mdomo kama wa dawa ya macho. Ni mafuta ya pilipili. Tone moja ni kitoweo, matatu ni ujasiri, na kidole kilichoshika kichupa kisiguse jicho mpaka kesho.

Ukitaka kubeba, tafuta kikapu au mfuko wa karatasi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na ule uliokuja nao kutoka nyumbani unaweza kukuponza kabla hujautia samaki. Ukiagiza perege mkubwa, uliza kwa upole ametoka wapi. Wengi siku hizi hulelewa kwenye vizimba vilivyo humuhumu ziwani. Usiuone huo kuwa udanganyifu. Hata sambaza, mwenye sifa zote, alikuja kwa kubebwa.

Kuhusu siku ya tatu

Sasa turudi kwa yule mgeni wa Tanganyika, maana ndiye mwongozo wenyewe.

Katikati ya miaka ya 2000 wavuvi wa Kivu walianza kukuta nyavuni samaki wasiyemjua, mrembo, mwenye madoa ya buluu yanayong'aa. Naye kwao ni Tanganyika. Hakuna aliyejitokeza kusema amemleta. Wavuvi wakambatiza Rwanda rushya, yaani Rwanda mpya, na mzaha ulipoisha wakaona kwamba anakula vijidudu vilevile vya sambaza, na sokoni hana bei kama yake. Sambaza alipokuja alikuta sufuria ambayo hapakuwa na mkono ndani yake. Rwanda rushya alitia mkono katika sahani ya mwenzake. Wote wawili ni wageni, wametoka nyumba moja, na watu wa ziwa huwataja kwa sauti mbili tofauti kabisa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sambaza alipewa lake zamani: analisha pande mbili za mpaka, anasomesha watoto, anafanya watu waimbe usiku. Mgeni wa aina yako na yangu, mwenye fimbo ya bei na makofi yasiyo na mapigo, huanza akiwa Rwanda rushya. Anang'aa, anapendeza pichani, na amekaa mahali kamba zinapopita.

Nilipanda mara tatu. Usiku wa kwanza niliambiwa nipumzike. Wa pili nilipumzika bila kuambiwa. Usiku wa tatu, tulipokuwa tunatoka Rubona na wimbo umeshaanza, yule mzee wa mbele aligeuka, akaokota kopo lililokatwa mdomo, akanirushia bila neno. Miguuni pangu mtumbwi ulikuwa umeingiza maji. Nikakumba, nikamwaga, nikakumba, nikamwaga. Ilinichukua muda kutambua kwamba kopo lilikuwa likitumbukia majini pamoja na makasia.